Jani na Chombo: Historia ya Buli la Chai kutoka Yixing hadi Upwa wa Afrika Mashariki

Utangulizi

Historia ya chai imeandikwa mara nyingi kama historia ya biashara: meli, makampuni, ushuru, vita na mashamba makubwa. Chombo ambamo chai hutengenezwa hutajwa kwa kupita tu, au huachiwa wakusanyaji wa vitu vya sanaa, ambao nao hukitazama kama pambo la kabati. Insha hii inakichukulia chombo hicho kuwa ushahidi. Inadai kwamba umbo la buli, ukubwa wake na hata udongo wake vilitokana na hali ya jani lililotiwa ndani yake, na kwamba kila jani lilipobadilishwa umbo, iwe kwa amri ya mtawala au kwa meno ya mashine, chombo nacho kilibadilika au kiliachwa. Dai hili likikubaliwa, baadhi ya mambo yanayosemwa kwa wepesi kuhusu chai yatahitaji kufikiriwa upya, likiwemo lile la kwamba mtu anayechemsha chai kwenye sufuria hajui kunywa chai.

Istilahi mbili zinahitaji kuwekwa wazi. Katika matumizi ya kila siku, neno birika hutumika kwa chombo cha kuchemshia maji na pia kwa chombo cha kumiminia chai mezani. Hapa birika litamaanisha chombo cha maji kinachokaa motoni, na buli litamaanisha chombo chenye kifuniko, mdomo na mkono, ambamo majani hulowekwa kwa maji ya moto na ambacho hakiwekwi motoni. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kwa karne nyingi wanywaji wa chai wa Uchina walikuwa na vyombo vya kuchemshia maji bila ya kuwa na mabuli, kwa sababu chai yao haikuhitaji buli.

Chai kabla ya buli

Lu Yu, aliyeandika kitabu chake Chajing katika karne ya 8, zama za nasaba ya Tang, aliorodhesha vyombo zaidi ya ishirini vya kutengenezea na kunywea chai. Katika orodha hiyo hamna buli. Chai ya wakati wake ilikuwa ya mabumba: majani mabichi yalipikwa kwa mvuke, yakatwangwa, yakagandamizwa kwenye kalibu na kukaushwa yakawa magumu. Mnywaji alilibanika bumba juu ya moto, akalisaga, kisha akautia unga wake ndani ya maji yaliyokuwa yakichemka na kuongeza chumvi kidogo. Lu Yu aliwakemea watu waliotia vitunguu, tangawizi na maganda ya machungwa katika chai, ila chumvi aliiruhusu. Msomaji wa Afrika Mashariki hatakosa kutambua kwamba kuchemsha chai, na hata kuitia tangawizi, ni mambo yenye umri mkubwa kuliko buli lolote lililopo duniani.

Katika zama za nasaba ya Song (960–1279) chai iliachwa kuchemshwa. Unga laini uliwekwa ndani ya bakuli, maji ya moto yakamiminwa juu yake, na mchanganyiko ukapigwa kwa kipigio cha mwanzi mpaka utoe povu jeupe. Povu jeupe huonekana vizuri juu ya rangi nyeusi, na ndiyo maana mabakuli meusi ya Jian, kutoka Fujian, yalipendwa kuliko mengine. Kaizari Huizong mwenyewe aliandika risala juu ya chai mnamo 1107 na kuyasifu. Hapo tayari tunaona chombo kikilifuata jani. Zama hizo zilikuwa pia na jagi lenye mdomo mrefu mwembamba la kumiminia maji ya moto bakulini. Kwa macho ya leo jagi hilo laonekana kama buli, na si ajabu kulikuta limepewa jina hilo. Lakini ndani yake hamkutiwa jani hata moja.

Kazi iliyokuwa nyuma ya povu hilo haikuonekana bakulini. Shamba la kifalme la Beiyuan, katika eneo la Jian'an, Fujian, lilitengeneza mabumba yaliyopigwa chapa za joka na feniksi kwa ajili ya kasri. Zhao Ruli, aliyeandika mnamo 1186, ameeleza hatua zake. Majani yalichumwa kabla jua halijatoka, yakachambuliwa, yakapikwa kwa mvuke, yakakamuliwa, yakasagwa pamoja na maji, yakatiwa kalibuni na kubanikwa kwa moto wa polepole. Kadiri bumba lilivyokuwa la daraja la juu, ndivyo kusagwa kulivyorudiwa mara nyingi zaidi. Kitu chepesi kama kidoto cha povu kilibeba mabega ya watu wengi.

Amri ya mwaka 1391

Zhu Yuanzhang, mwasisi wa nasaba ya Ming, alizaliwa katika familia ya wakulima fukara na kunyakua ufalme mnamo 1368. Mnamo 1391 alitoa amri iliyohifadhiwa katika kumbukumbu rasmi za utawala wake: utengenezaji wa mabumba ya joka ukome, kwa kuwa unawatumikisha watu kupita kiasi, na badala yake kasri lipelekewe machipukizi ya chai yaliyokaushwa tu, katika madaraja manne. Kaya 500 za wakulima wa chai ziliwekwa kwa kazi hiyo na kuondolewa katika kazi nyingine za shokoa.

Waandishi wengi huieleza amri hii kana kwamba siku ile Wachina wote waliamka, wakavunja mabakuli yao na kununua mabuli. Mambo hayakwenda hivyo. Kwanza, chai ya majani matupu ilikuwapo tangu zamani miongoni mwa watu wa kawaida. Wang Zhen, katika kitabu chake cha kilimo cha mwaka 1313, anaieleza wazi, na mabumba ya kifahari anayataja kama kitu cha kasri kisichowafikia wengi. Pili, amri yenyewe ilihusu ushuru wa mahali pamoja, si vikombe vya raia. Tatu, mwana wa kaizari huyohuyo, Mwana wa Mfalme Zhu Quan (1378–1448), aliandika kitabu juu ya chai akiyasifu majani kwa kuwa yanabaki na harufu yake ya asili, lakini yeye mwenyewe aliendelea kuyasaga na kuyapiga bakulini. Alikubali jani jipya huku mkono wake ukikataa kuacha kipigio cha zamani.

Basi umuhimu wa amri ya 1391 uko wapi? Kwa maoni ya insha hii, uko katika jambo moja: iliiondolea chai ya mabumba heshima ya kuwa kipimo cha ubora. Kasri lilipokunywa majani, tajiri hakuwa tena na sababu ya kugharimia mabumba, na mafundi waliokuwa wakitafuta ubora katika kusaga na kugandamiza wakaanza kuutafuta katika jani lenyewe. Ndipo katika karne ya 16 ufundi wa kukaanga majani mabichi kwenye karai kavu ukaenea na kusafishwa, na chai za kukaangwa kama Songluo na Longjing zikapata sifa. Jani la kukaangwa huwa limenyooka au limejisokota, hubaki zima, na huificha harufu yake mpaka liguswe na maji ya moto. Likisagwa, sehemu kubwa ya uzuri huo hupotea. Likilowekwa katika bakuli wazi, joto na harufu huondoka pamoja, na majani humfuata mnywaji mdomoni. Lilihitaji chombo chenye kifuniko cha kuhifadhi joto, tumbo la kulipa nafasi ya kufunguka na mdomo mwembamba wa kuyazuia majani yasitoke. Buli lilikuwa jawabu la mahitaji hayo.

Udongo wa Yixing

Yixing uko magharibi ya Ziwa Tai, mkoani Jiangsu. Ulikuwa mji wa chai kabla ya kuwa mji wa mabuli: kwa jina lake la kale, Yangxian, ulipeleka chai kwa makaizari wa Tang. Vilevile ulikuwa na wafinyanzi waliotengeneza mitungi mikubwa ya maji na ya kuhifadhia vyakula. Katika vilima vya Dingshu, hasa Huanglongshan, huchimbwa udongo uitwao zisha, yaani mchanga wa zambarau, ingawa hupatikana pia katika rangi nyekundu na ya manjano iliyofifia. Kusema kweli unapochimbwa si udongo bali mwamba. Huachwa nje uvunjwevunjwe na mvua na jua, husagwa, huchekechwa, huchanganywa na maji na kulazwa kwa muda mrefu kabla ya kufinyangwa.

Una chuma kingi, kwatzi na maika, na huchomwa kwa joto la takribani nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi. Ukiiva huwa mgumu usiovuja, lakini hubaki na vitundu vidogo mno ndani yake. Na kwa kuwa haupakwi glezi, yaani ule mng'aro wa kioo unaofunika vyombo vingine, vitundu hivyo haviziwi. Huvumilia maji yanayochemka bila kupasuka, na joto hupita ndani yake polepole, hivyo chai hukaa moto na mkono hauungui upesi. Mfinyanzi wa Yixing hatumii gurudumu. Hupiga udongo kwa nyundo bapa ya mbao mpaka uwe utepe mwembamba wa unene uliolingana, huukunja kuwa duara, kisha huupigapiga kwa kibao huku akiuzungusha mpaka tumbo la buli litokee. Mdomo, mkono na kifuniko huundwa mbali na kuunganishwa kwa udongo laini. Kipimo cha fundi kiko kwenye kifuniko: hukaa mahali pake kwa kulingana tu, bila kupwaya na bila kukwama.

Wapenzi wa mabuli haya husema kwamba vitundu vyake hunywa chai, na kwamba buli lililotumiwa miaka mingi litatoa chai kwa maji matupu. Dai la pili ni la kutilia chumvi. La kwanza lina chembe ya ukweli: buli lisilo na glezi hushika harufu, na ndiyo sababu mzoefu hulitenga kila buli kwa aina moja ya chai na haliogeshi kwa sabuni. Uso wake pia hubadilika kwa kuguswa na kumwagiwa chai, ukapata mng'ao mtulivu ambao buli jipya halina.

Hadithi ya Gong Chun na buli la kaburini

Nani alitengeneza buli la kwanza? Jibu la kimapokeo limo katika kitabu cha Zhou Gaoqi kuhusu mabuli ya Yixing, kilichoandikwa mnamo miaka ya 1640. Anasimulia kwamba katika enzi ya Zhengde (1506–1521) msomi mmojawapo wa ukoo wa Wu alikwenda kusomea katika hekalu la Jinsha akifuatana na mtumishi wake, Gong Chun. Humo alikuwemo mtawa mzee aliyefinyanga vyombo vya chai kwa mikono yake. Gong Chun alimwangalia kwa siri, akauchukua udongo laini uliotuama baada ya mtawa kunawa mikono, naye akafinyanga buli lake. Alama za vidole zilibaki zikionekana juu yake.

Ni hadithi nzuri, na labda uzuri wake ndio uliowazuia wengi kuihoji. Ilipoandikwa, zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita. Hakuna buli linaloweza kuthibitishwa bila shaka kuwa la Gong Chun. Lile mashuhuri kuliko yote, lenye umbo la nundu ya mti, ambalo limo katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Uchina, liliokotwa na mkusanyaji katika soko la mitumba la Suzhou katika karne ya 20 likiwa na kifuniko cha baadaye, na wataalamu kadhaa wametilia shaka umri wake. Hata hivyo hadithi hiyo inafaa kusomwa kwa namna nyingine. Inawataja mtawa asiye na jina na mtumishi, wala si kaizari, msomi au mfanyabiashara. Zhou Gaoqi, aliyekuwa msomi akiwaandikia wasomi wenzake, hakuona haya kusema kwamba chombo walichokienzi kilianzishwa na mtu aliyekuwa akingoja bwana wake amalize kusoma.

Ushahidi ulio imara zaidi umetoka ardhini. Katika kaburi la towashi wa kasri aitwaye Wu Jing, aliyezikwa karibu na Nanjing mnamo 1533, lilipatikana buli la zisha lenye mkono uliopinda juu ya kifuniko. Ndilo la kale kuliko yote ya Yixing ambayo tarehe yake inajulikana. Lina kimo cha kiasi cha sentimita 18, na juu ya ngozi yake kuna madoa ya glezi yaliyorukia. Madoa hayo yanasema mengi kuliko hadithi ya hekalu. Yanaonesha kwamba lilichomwa bila kufunikwa, katika tanuri moja na mitungi iliyopakwa glezi. Maana yake ni kwamba mabuli ya mwanzo yalikuwa kazi ya pembeni ya wafinyanzi wa mitungi, yakipenyezwa katika nafasi zilizobaki tanurini. Zhou Gaoqi anathibitisha jambo hilo bila kukusudia anaposema kwamba desturi ya kuyafungia mabuli ndani ya vyungu maalumu wakati wa kuchomwa ilianza baadaye. Ukubwa wake nao ni wa kuzingatiwa. Hilo ni buli la nyumba yenye watu wengi.

Buli linapungua

Shi Dabin, fundi mkubwa wa mwisho wa enzi ya Ming, alianza kwa kutengeneza mabuli makubwa. Zhou Gaoqi anaeleza kwamba baada ya kukutana na msomi Chen Jiru na wenzake, na kusikiliza mazungumzo yao juu ya chai, alianza kutengeneza madogo. Feng Kebin, aliyeandika wakati uleule, alifika mbali zaidi: kwake buli lilikuwa bora kadiri lilivyokuwa dogo, na kila mgeni alistahili kupewa la kwake ajimiminie mwenyewe. Sababu aliyoitoa ni ya kiufundi: katika buli dogo harufu haitawanyiki wala ladha haicheleweshwi. Chai, kwa maelezo yake, ina wakati wake. Ikiwahiwa haijatosha, ikichelewa imepita.

Sababu hiyo ni ya kweli. Majani mazima hayatoi vyote vilivyomo kwa mara moja. Katika buli kubwa yatakaa majini muda wote ambao watu wanakunywa, na kikombe cha mwisho kitakuwa kichungu. Katika buli dogo maji yote humiminwa mara moja, majani yakabaki bila maji, kisha yakatiwa maji mapya. Mnywaji huikuta chai ileile ikiwa na sura tofauti kila mara: ya kwanza nyepesi yenye harufu, ya pili na ya tatu zimekolea, zinazofuata zikitulia na kubakiza utamu. Buli dogo ni chombo cha kugawa muda.

Ufundi huu ulifika kileleni kusini, pale Fujian na Chaozhou, kwa chai za Wuyi ambazo majani yake huachwa yabadilike rangi kiasi kabla ya kukaangwa na kubanikwa. Yuan Mei, mshairi mpenda vyakula, alikuwa haipendi chai ya Wuyi kwa kuiona nzito na chungu kama dawa. Mnamo 1786 alizuru milima hiyo na watawa wakamkaribisha kwa buli dogo mfano wa tunda la mlimau na vikombe visivyozidi kokwa. Aliinusa kwanza, akaionja, akaitafuna polepole, na akakiri kwamba maoni yake yamebadilika. Jani lilikuwa lilelile alilolichukia zamani; kilichobadilika ni chombo na namna ya kumimina.

Baada ya hapo mabuli ya Yixing yaliingia katika maisha mengine, ya sahihi za mafundi, mashairi yaliyochongwa ubavuni na bei zisizohusiana na chai. Chen Hongshou (1768–1822), hakimu na mchoraji, alibuni maumbo yaliyofinyangwa na Yang Pengnian. Katika karne ya 20 Gu Jingzhou na Jiang Rong, huyu wa pili akiwa mwanamke aliyesifika kwa mabuli yenye maumbo ya mimea na wanyama, walifanya kazi katika kiwanda cha ushirika ambacho pia kilifinyanga maelfu ya mabuli ya kawaida ya kuuzwa nje. Sehemu hiyo ya historia imeandikwa vya kutosha na wakusanyaji, na haina haja ya kurudiwa hapa.

Safari ya kwenda Ulaya

Waholanzi walileta chai Ulaya mnamo 1610, na mabuli mekundu ya Yixing yakafuata ndani ya meli zilezile. Ulaya haikuwa na udongo kama huo wala ujuzi wake, na jitihada za kuyaiga zilizaa viwanda. Ary de Milde alitengeneza mabuli mekundu huko Delft mwishoni mwa karne ya 17. Ndugu wawili wa ukoo wa Elers waliupata udongo mwekundu ufaao huko Staffordshire, Uingereza, katika miaka ya 1690. Huko Saksonia, Johann Friedrich Böttger, aliyekuwa amefungwa na mtawala wake atengeneze dhahabu, alitoa kwanza vyombo vyekundu vigumu kwa mfano wa Yixing, na kisha kauri nyeupe. Kiwanda cha Meissen kilifunguliwa mnamo 1710. Kwa hiyo kauri ya Ulaya, pamoja na fahari yake yote, ilitanguliwa na majaribio ya kuiga buli la mfinyanzi wa mitungi.

Mabuli ya mwanzo ya Ulaya yalikuwa madogo kwa sababu nyingine kabisa: chai ilikuwa ghali. Bunge la Uingereza lilipopunguza ushuru wa chai kutoka asilimia 119 hadi 12.5 mnamo 1784, chai ikawa ya kila nyumba na buli likavimba. Jani nalo lilikuwa linabadilika. Chai nyeusi yenye kukoza, ikinywewa na maziwa na sukari, haikudai uangalifu wa muda; maziwa hupunguza ukali wake na sukari hufunika uchungu. Buli la Kiingereza la lita moja na zaidi, lililopakwa glezi ya kahawia, linalifaa jani hilo sawasawa na buli la Chaozhou linavyolifaa la Wuyi.

Maneno yanayobaki upwani

Vyombo vya Kichina vilifika upwa wa Afrika Mashariki kabla ya chai kwa muda mrefu sana. Vipande vyake vimefukuliwa Kilwa na Gedi, na mabakuli yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi kama yale ya Kunduchi. Waswahili waliijua kauri ya Uchina, wakaithamini kiasi cha kuwapambia wafu wao, bila ya desturi ya chai kuambatana nayo. Chombo na jani vilisafiri mbalimbali.

Lugha yenyewe inathibitisha hivyo. Waholanzi walinunua chai kwa watu wa Fujian, wakachukua neno te, ambalo limeenea Ulaya magharibi. Wareno waliofanya biashara Macau wanasema chá. Kiswahili hakikusema te wala cha, bali chai, kwa umbo lililopitia Uajemi na kuenea Bara Hindi na Uarabuni. Neno birika ni la Kiarabu lenye asili ya Kiajemi inayohusu kumimina maji. Lakini buli linafanana na bule la Kireno, lenye maana ileile, ambalo nalo huhusishwa na neno la Kimalei la chupa ndogo. Na kandirinya, jina jingine la birika la maji, ni sawa na caldeirinha la Wareno hao. Kwa hiyo Mswahili anaposema "tia chai kwenye buli", kinywaji na chombo chake vimeingia katika sentensi kwa milango miwili tofauti.

Jani linapokatwa

Chai ilipandwa Limuru, Kenya, mnamo 1903, na Wajerumani waliipanda Amani, katika milima ya Usambara, katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne. Mashamba makubwa ya Kericho yalifuata katika miaka ya 1920. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Assam, William McKercher alibuni mashine yenye rola mbili za meno zinazozunguka kwa kasi tofauti. Jani linalopita kati yake hukatwa, huchanwa na kusokotwa kuwa chembe ndogo. Mashine hiyo hutumia muda mfupi, nayo hutoa chai inayokoza haraka na kujaza vikombe vingi kwa kilo moja. Viwanda vya Kenya viliichagua, vikiwemo vile vya wakulima wadogo vilivyosimamiwa na KTDA tangu 1964, na leo sehemu kubwa mno ya chai inayopita katika mnada wa Mombasa ni ya chembe hizo, chini ya alama kama BP1 na PF1.

Tulitazame jani hilo kama tulivyolitazama lile la Longjing. Halina cha kufungua, kwa kuwa limekwisha kufunguliwa na mashine. Hutoa karibu vyote vilivyomo kwa dakika moja au mbili, na kulitia maji mara ya pili ni kupoteza kuni. Chembe zake hupita katika mdomo wa buli au kuuziba. Likiachwa ndani ya buli huku watu wakizungumza, hugeuka kuwa chungu. Kazi tatu ambazo buli lilizifanya peke yake, yaani kuloweka, kuchuja na kuhifadhi joto, kwa jani hili hazikai pamoja. Katika nyumba za Afrika Mashariki zikagawanywa: sufuria ikachukua ya kwanza, chujio ya pili, na chupa ya chai ya tatu. Mgawanyo huo haukufundishwa na kiwanda chochote. Mama wa nyumbani anayechemsha maji, maziwa, majani na iliki pamoja, akachuja na kuijaza chupa itakayowatosha wageni mpaka jioni, amefanya uamuzi wa kiufundi wa aina ileile aliyoifanya Shi Dabin alipopunguza buli lake: amelisoma jani, akachagua chombo.

Kwa msingi huo, maneno ya dharau kwamba wakulima wa chai nzuri hawajui kuinywa hayana mashiko ya kihistoria. Hata chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, iliyopewa jina kwa wekundu wa gome la mkoko, inasifiwa kwa rangi; na rangi ndiyo hasa chembe zile ziliyoundwa kutoa.

Buli halikutoweka kabisa. Limebaki katika seti za kauri za harusi, katika kabati la kioo la sebuleni, na katika hoteli zinazotia ndani yake mfuko wa karatasi wenye vumbi la chai, matumizi ambayo pengine yangemshangaza mfinyanzi wa Yixing kuliko sufuria. Hivi karibuni baadhi ya viwanda, kikiwemo cha Kangaita huko Kirinyaga, vimefunga mitambo ya kusokota majani bila kuyakata, kwa ajili ya wanunuzi wa nje wanaolipia majani mazima. Kiasi chake bado ni kidogo kikilinganishwa na chembe zinazojaza magunia ya mnada, na sehemu kubwa huondoka nchini kabla haijaonjwa na wale walioichuma.